Pumzi Kabla ya Filimbi

Mwezi uliopita, mchana kweupe, katika duka la kuchapa ninapofanya kazi hapa Gitega, nilisikia mtu akivuta pumzi karibu na sikio langu. Hakukuwa na mtu. Ornella, mwenzangu wa kazi, alikuwa ameegesha mlango ili wateja wajue tuko mapumzikoni, akavua viatu, akakiegemeza kiti ukutani na kuweka muziki kwenye kompyuta. Ornella kila wiki ana dawa mpya ya kupunguza mawazo. Juzijuzi ilikuwa tangawizi, na kabla ya hapo ilikuwa kupumua kwa tundu moja la pua. Safari hii alikuwa amesikia kwamba muziki wa kale wa Ulaya, ule unaoitwa wa baroki, uliotungwa karne nyingi kabla ya redio, hutuliza moyo wa mtu kuliko hata usingizi.

Aliniambia nifumbe macho nisifikirie kitu. Nikafumba. Kinanda cha nyuzi kikaanza, tiki tiki tiki, kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye sinia la bati. Fidla zikafuata, zikipishana kwa adabu kama watu wanaosalimiana mlangoni mwa kanisa. Ukaja wimbo wa polepole, na kabla filimbi haijalia, mtu akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi fupi ya mdomoni, kama ya mtoto anayetaka kupiga mbizi.

Nilitoka nje nikasimama juani. Ornella alidhani tumbo limenishika, nami nikamwacha adhani hivyo. Lakini ninyi nitawaeleza, kwa sababu pumzi ile niliijua. Niliwahi kuishi nayo nyumba moja.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Tuliporudi Burundi nilikuwa darasa la pili, na mdogo wangu Eliya alikuwa bado hajaanza shule. Shamba letu lilikuwa Buhinyuza, mkoani Muyinga, pembezoni kabisa upande wa mpaka. Mama mzazi wa baba alikuwa amelishikilia miaka yote ile bila kuondoka. Tulimwita Nyogokuru, kama Warundi wanavyowaita bibi zao. Alitupokea kwa maharage yaliyoungwa mafuta ya mawese na kwa ukimya mrefu, akitutazama mmoja mmoja kama anayehakiki mbegu kabla ya kupanda. Nakumbuka harufu ya siku ile: moshi wa mikaratusi, udongo uliotoka kunyeshewa, na ndizi zilizofukiwa shimoni zipate kuiva kwa ajili ya pombe.

Kirundi changu kilikuwa cha kambini, nusu yake Kiswahili. Niliposimama darasani kusoma, hata mwalimu alijifunika mdomo kwa kitabu. Eliya hawakumcheka, kwa kuwa hakuongea sana. Alikuwa na kigugumizi. Kabla ya neno lolote alivuta pumzi kwanza, hiiih, mabega yakapanda, macho yakamtoka, nasi tukangoja. Wakati mwingine neno lilikuja, wakati mwingine pumzi ilishuka yenyewe bila neno. Baba aliangalia pembeni ili asimtie haraka. Mimi nilimmalizia sentensi zake kwa makusudi, nikiziharibu, hata akacheka na kusahau alichotaka kusema. Mama peke yake ndiye aliyeacha alichokuwa akifanya, akachuchumaa mbele yake na kumwambia, kila mara kwa maneno yaleyale: "Sema, baba. Sema polepole. Tuko hapa."

Katika msimu wetu wa kwanza wa mvua Eliya alishikwa na malaria. Walimpeleka kituo cha afya, mama akabaki naye huko, na siku iliyofuata baba alirudi amembeba ndani ya kitenge cha mama. Tulimzika nyuma ya migomba.

Mama hakulia. Watu walikuja, wakasema "mwihangane", yaani poleni, wakakaa, wakanywa, wakaondoka, naye akiwaitikia vizuri kabisa. Kisha akaacha kulala. Nilipoamka asubuhi nilimkuta ameketi vilevile nilivyomwacha, mikono mapajani. Alilima, akapika, akafua, lakini macho yake yalikuwa kama ya mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Nasi nyumba yetu haikuwa na chumba cha pili zaidi ya kile kimoja cha kulala.

Na alikuwa na mimba. Muuguzi alimpima, akamwambia baba waziwazi kwamba presha imepanda, na kwamba mama huyu asipopumzika, mtoto aliye tumboni hatafika. Nyogokuru naye alikuwa na msemo wake, kwamba mjamzito asiyelala huzaa mtoto asiyefumba macho. Mimi sikujua maana yake, lakini tangu siku ile niliogopa kulitazama tumbo la mama, nikidhani mle ndani kuna mtu anayenikodolea macho.

Aliyetuokoa, au tulidhani ametuokoa, ni mama mdogo Spes, mdogo wake mama, aliyekuwa muuguzi mjini Gitega. Alikuja akatuchukua mimi na mama, tukakae kwake mtaa wa Yoba kwa muda. Mahali alipokuwa akifanya kazi kulikuwa na chumba kilichotandikwa mikeka, ambamo mshauri mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliwalaza watu waliopatwa na mambo mazito na kuwawekea muziki. Ulikuwa muziki huohuo wa Ornella. Mimi niliketi nje ya mlango nikisikia vinanda na fidla, nikijiuliza dawa gani hii isiyo na kidonge. Mara ya kwanza mama alilala chali akatazama dari. Mara ya pili alikoroma. Mama mdogo Spes alitoka amejiziba mdomo kwa kiganja, akicheka na kulia kwa pamoja.

Basi akanunua redio ndogo nyekundu, zile zinazomeza kadi, akaomba muziki ule uwekwe ndani yake, na mama akawa anausikiliza nyumbani kila alasiri, dirisha likiwa limefungwa.

Jirani yetu pale Yoba alikuwa Mama Zuhura, mkaanga sambusa, ambaye mumewe alishona magodoro kibarazani. Nyumba nzima ile iliongea Kiswahili cha mjini, chenye "mais" ya Kifaransa badala ya "lakini", kile kilichonichekesha mimi kama Kirundi changu kilivyowachekesha wengine. Siku moja aliniita uani akanipa sambusa ya moto.

"We Fina," alisema, "kwenu iko nani amekufa kwa wazungu? Kila siku muziki ya kuzika."

Nikamweleza kwamba ni dawa, ni ya kumpumzisha mama. Akatikisa kichwa, akageuza sambusa zake kwenye mafuta, kisha akashusha sauti.

"Mais mama yako iko anaongea na nani mule ndani? Mi nasikia ye anajibu mtu."

Nilisema mama huwa amelala. Mama Zuhura hakubisha. Aliniongezea sambusa ya pili, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa ya pili.

Alasiri ile nilisimama nyuma ya mlango wa chumba. Vinanda vikapita, fidla zikapita. Ukaja wimbo wa polepole. Nikaisikia: hiiih. Pumzi ya Eliya, na mabega yake karibu niyaone. Na sauti ya mama, ya chini na ya kawaida kabisa, ikasema: "Sema, baba. Sema polepole. Tuko hapa." Ndipo filimbi ikalia.

Sikumwambia mama mdogo. Ningemwambia nini? Mama alikuwa analala, anakula, mashavu yanarudi. Mtoto anajua kwamba ukiona jungu linachemka vizuri hulifunui ovyo.

Tukarudi Buhinyuza na redio yetu. Kila alasiri, akitoka shamba, mama alinawa miguu, akafunga dirisha na kutandika mkeka. Giza la chumba lilitobolewa na matundu ya misumari kwenye mabati, vijisarafu vya mwanga vikatuangukia. Kuku walipenda kile kinanda cha nyuzi. Walidhani ni mahindi, wakaja mbio hadi mlangoni, wakatazama sakafu tupu kwa masikitiko, na kesho yake wakaja tena. Baba alisema kuku na Wazungu wa zamani wameelewana. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba, na nadhani ndiyo sababu hakuuliza zaidi. Yeye mwenyewe hakuingia.

Mama alitaka nilale naye pale mkekani. Nililala ukutani, yeye upande wa mlango. Baada ya siku chache niliona kwamba anajisogeza pembeni kabisa, hata nusu ya mwili wake ikawa kwenye udongo, ili pabaki nafasi kati yetu. Nafasi ya mtoto. Hatukuzungumza juu yake. Lakini nawaambia kitu nilichokihisi, mkikubali au msikubali: mkono wangu ulipoangukia pale katikati, mkeka ulikuwa na joto.

Katika redio yetu pumzi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi, kubwa, kisha mara baada yake ya pili, ndogo, kama mtu aliye mbali zaidi ndani ya chumba kilekile. Baada ya hizo mbili ndipo filimbi. Nilizisikia kila siku kwa miezi, siwezi kukosea. Muziki ule wa Ornella nimeurudia mara nyingi sasa, filimbi ni ileile, wimbo ni uleule, lakini pumzi ni moja. Ornella anasema labda wapigaji ni tofauti, au kadi yetu ilikuwa na kasoro. Huenda.

Nikaanza kuisikia hata pasipo redio. Nikichota maji, hiiih, nyuma ya mgongo. Nikipita migombani, majani makavu yakisuguana, hiiih, halafu kimya kile cha kungoja. Sikuwa namwogopa Eliya, alikuwa mdogo wangu. Niliogopa hilo neno ambalo lingekuja baada ya pumzi. Kwa nini mtu aliyekufa ajisumbue kuvuta pumzi, kama hana jambo kubwa la kusema?

Alasiri moja mama alikuwa bado bondeni, nami niko peke yangu nyumbani nikimenya maharage. Redio ikawaka yenyewe. Swichi yake ilikuwa imelegea, wakati mwingine ikijiwasha ukiigusa meza, na huenda niliigusa. Haikuanza na vinanda. Ilianza palepale kwenye wimbo wa polepole. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Na mimi, nikiwa na ganda la haragwe mkononi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sema, Eliya."

Nikangoja. Kimya kile kabla ya filimbi kiliniwia kirefu kuliko siku zote, kirefu hata nikasikia kuku akikanyaga majani nje. Nilipogeuka, Nyogokuru alikuwa mlangoni na mzigo wa nyasi kichwani. Hakuutua. Aliniuliza nilikuwa naongea na nani.

Nilimweleza yote, nafasi ya mkekani, pumzi, maneno ya mama. Alinisikiliza akiwa amesimama vilevile na mzigo wake. Mwishowe akasema kwamba aliyekufa huitwa mara moja tu, siku ya kuzikwa. Ukimwita tena, anayeitika si lazima awe yeye. Kisha akatoka, nikamsikia akitupa nyasi za ng'ombe chini kama anayetupa mawe.

Jumapili wakaja watu wa maombi. Sitaki muwafikirie vibaya; walikuwa majirani, wengine ndio waliochimba kaburi la Eliya. Waliimba polepole, wakamwekea mama mikono, wakamsihi asiwape mashetani mlango. Mama alikaa katikati yao ameinamisha kichwa, kama mkwe mwema. Nyogokuru aliifunga redio ndani ya kitambaa cheupe, akaenda nayo nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwetu. Baba alisimama uani muda wote, akimtazama kuku.

Kuanzia siku ile mama hakulala tena. Sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Miguu ilimvimba, uso ukamvimba, akawa anaanza sentensi na kuiacha njiani. Alasiri, saa ya muziki ilipofika, alitandika mkeka kama kawaida, akaketi juu yake akasikiliza. Muziki haukuwepo. Kuku walikuja mlangoni, nao wakasikiliza.

Siku moja mkeka ulikuwa umetandikwa, mama hayupo. Baba aliita. Tukazunguka nyumba, tukaenda kwenye kaburi, tukashuka kuelekea bondeni ambako mtama ulikuwa umekua kumpita mtu. Jua lilikuwa kali na hakuna upepo hata kidogo. Baba alikwenda upande mmoja, mimi upande mwingine, na katikati ya mtama nikaisikia tena: hiiih. Kimya. Hiiih. Kimya.

Ningekimbia, nawaambia ukweli. Lakini njia ya kurudi sikuiona, mabua yalikuwa yamefunga pande zote, kwa hiyo nilikwenda mbele. Nikamkuta mama. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, tumbo mbele yake, na ile pumzi ilikuwa inatoka kwake yeye. Alipandisha mabega, akavuta kwa mdomo, akashikilia, macho yamemtoka, kama vile Eliya. Kisha akaiachia polepole bila neno, na kuanza upya. Hakunitazama. Nilipomgusa alikuwa wa baridi katika jua lile.

Nilimwita baba. Alikuja akivunja mtama, akasimama, akatazama. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Alikaa chini kwenye udongo ubavuni mwa mama, akamweka mkono mgongoni, na kila mama alipovuta pumzi ile, akasema polepole, kwa aibu, kama mtu anayejaribu lugha ya wengine: "Tuko hapa. Tuko hapa." Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Mwishowe mama akaegemeza kichwa begani kwake, akasema amechoka.

Tulimfikisha nyumbani. Baba hakuingia ndani kunawa. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama yake, udongo ukiwa bado magotini, na mimi nyuma yake.

"Mama," alisema, "nirudishie redio. Nimeshamzika mmoja. Simziki wa pili, wala mama yao."

Sikuwahi kumsikia akisema na mama yake bila kuketi kwanza. Nyogokuru alimtazama, akamtazama na mimi. Aliingia ndani, akatoka na kile kitambaa cheupe, lakini hakumpa baba. Alisema atakileta mwenyewe, na kwamba atasikiliza yeye kwanza kile kinachosikilizwa. Kama kuna mtu mle ndani, alisema, basi ni mjukuu wake, na sauti ya mjukuu wake anaijua.

Kwa hiyo alasiri ile tulikuwa wanne ndani ya chumba kile. Mama amelala mkekani, Nyogokuru kwenye kigoda, baba amesimama karibu na mlango kana kwamba anaweza kuhitaji kutoka, mimi ukutani. Vinanda vikapita. Fidla zikapita. Nilimtazama Nyogokuru usoni wakati wimbo wa polepole unaanza, na nilipoisikia pumzi nikamwona naye ameisikia: mkono wake ulikwenda kifuani. Mama akasema maneno yake. Baba akageukia ukuta. Filimbi ikalia, ikapanda, ikashuka, ikaisha.

Nyogokuru aliomba urudiwe. Safari ya pili alifumba macho na kuinamisha kichwa, kama anavyosikiliza kifua cha ng'ombe anayekohoa. Kisha akasema na mama, kwa Kirundi, taratibu, bila ukali.

"Huyu si wetu, mwanangu. Huyu ni mtu mzima, kifua chake kipana. Anavuta pumzi apate kupuliza. Wetu alivuta apate kusema."

"Najua, mama," mama akajibu. "Tangu Gitega najua."

Kuhusu ile pumzi ya pili, ile ndogo, Nyogokuru hakusema kitu, na hakuna aliyemwuliza.

Halafu akainuka kwenye kigoda, magoti yakimlia, akaja akalala chini kwenye mkeka, palepale katikati, penye ile nafasi. Akasema tusogee, mkeka ni mdogo. Kabla wimbo unaofuata haujaisha alikuwa amelala fofofo kuliko mama. Tangu siku ile alikuja kila alasiri. Watu wa maombi walipomwuliza, aliwajibu kwamba ni dawa ya mgongo.

Mtoto alifika. Ni wa kike, anaitwa Benigna, alianza kuongea mapema na hadi leo hajapumzika. Redio ilikufa mwaka uliofuata, maji ya mvua yaliingia, na hakuna aliyeililia. Mama alikuwa anajua kulala tena.

Lakini yale maneno, "najua, mama", niliyabeba miaka yote. Kama alijua kwamba ni mpiga filimbi tu, mtu asiyetujua, kutoka nchi tusiyoijua, alikuwa anamwambia nani aseme? Nikiwa mtoto nilijijibu kwamba alimdanganya Nyogokuru ili aachiwe redio. Jibu hilo lilinitosha mpaka mwezi uliopita, Ornella aliponiambia nifumbe macho.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Muyinga, kisha pikipiki hadi Buhinyuza. Mama alikuwa uani akipepeta maharage kwenye ungo. Amenenepa, nywele zina mvi, anacheka ovyo. Niliketi karibu naye na kumwuliza bila kuzunguka. Hakushtuka. Alipepeta kidogo, akapuliza makapi, akanieleza.

Siku ile kituo cha afya, alisema, alasiri, homa ilimshuka Eliya kidogo. Akafumbua macho akamwona. Akavuta ile pumzi yake, mabega yakapanda. Alikuwa na jambo. Mama akaona jinsi kifua chake kilivyochoka, akaona jasho kwenye mdomo wa juu, akamhurumia. Akamwekea kidole mdomoni. Hora, alimwambia, tulia baba, *uzombwira ejo*. Utaniambia kesho. Eliya akamtii. Akaiachia pumzi ikashuka, akafumba macho.

"Maisha yake yote nilimngojea," mama alisema. "Siku ile moja sikumngoja."

Basi kwenye kile chumba cha mikeka, Gitega, alimsikia mtu akivuta pumzi vilevile, halafu akaendelea. Akasema yote aliyotaka kusema, mpaka mwisho, kwa filimbi yake, na hakuna aliyemwekea kidole mdomoni. Mama alijua si mwanawe. Alitaka tu kuwa pale kila siku pumzi ile inapovutwa, aseme maneno aliyopaswa kusema, kisha anyamaze na kungoja. Ndipo usingizi ulipokuja.

Mimi nilidhani tulikuwa tunamwita aliyekufa. Nyogokuru alidhani hivyo, Mama Zuhura alidhani hivyo, na kwa kweli hata leo kuna mambo ya chumba kile nisiyoweza kuyaeleza, wala sikumwuliza mama juu yake. Lakini Kirundi kilichonishinda utotoni kina neno *ejo*, ambalo ni jana na ndilo kesho pia. Ukilisikia lazima uangalie mtu anaelekea wapi ndipo ulijue. Mama alimpa mtoto wake neno hilo akimaanisha kesho, na likageuka mkononi mwake likawa jana. Miezi yote ile mkekani alikuwa analigeuza tena, alasiri moja baada ya nyingine, na sisi tulimnyang'anya redio.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikavuta pumzi, neno halikuja. Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akanigeukia na kungoja.